Mtafiti Huanza Lini? Haki ya Kuhesabu Miaka Baada ya Uzamivu

Ufadhili wa utafiti wa baada ya uzamivu ni fedha anazopewa mtu aliyekwisha kupata shahada ya uzamivu, aghalabu kwa miaka miwili au mitatu, ili afanye utafiti wake katika taasisi inayompokea kabla hajasimama peke yake kama msomi. Kwa kuwa fedha hizo ni za wanaoanza, kila mfadhili hulazimika kueleza nani anaanza. Hapo ndipo yanapotoka masharti ya kustahiki: uzamivu uwe umepatikana kabla ya tarehe fulani, isiwe imepita miaka kadhaa tangu hapo, mwombaji awe raia wa nchi hii au asiwe ameishi katika nchi ile, awe na barua ya taasisi mwenyeji. Watu huyasoma kama mambo ya ofisini tu, lakini ndani yake mna swali ambalo falsafa na dini zimelishughulikia kwa karne nyingi: je, ni haki kumpima mtu kwa miaka iliyopita bila kuuliza ilipitaje?

Katika ukanda wa chai wa Kericho na Bomet swali hilo lina watu wake. Taasisi ya Utafiti wa Chai iliyoko Timbilil, Kericho, ilianzishwa 1951 ihudumie Afrika Mashariki nzima. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 ikabaki kuwa ya Kenya, ikaendeshwa kama wakfu tangu 1980, kisha ikawekwa chini ya KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo lililoundwa kwa sheria ya 2013. Chuo Kikuu cha Kabianga kilipata hati yake mwaka huohuo wa 2013. Bomet kuna chuo kikuu kishiriki kilichoanzishwa 2017 chini ya Chuo Kikuu cha Moi. Mjini Kericho, KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, imekuwa ikishirikiana kwa miaka mingi na watafiti wa jeshi la Marekani katika masuala ya VVU na malaria. Kwa hiyo kwenye vilima vinavyojulikana kwa majani chai na mvua za alasiri wapo wataalamu wa mbegu, wa udongo, wa elimu, wa lugha na wa magonjwa, ambao tangazo la ufadhili likitoka hutafuta kwanza mstari mmoja tu: idadi ya miaka.

Hoja ya kuweka mpaka ni nzito. Bila mpaka, profesa mwenye makala sitini atamshinda daktari mpya kila mwaka, kwa kuwa rekodi yake ni ndefu na jina lake linajulikana. Mwaka 1968 mwanasosholojia Robert Merton aliipa tabia hiyo ya sayansi jina la athari ya Mathayo, akikumbuka neno la Injili kuhusu aliye nacho kuongezewa na asiye nacho kunyang'anywa hata kile alicho nacho. Sifa huvuta sifa, na fedha huvuta fedha. Sharti la muda linajengwa likae katikati, ili wanaoanza washindane na wanaoanza wenzao. Anayelitaka liondolewe kabisa kwa jina la usawa anawafungulia mlango wenye nguvu.

Tatizo linaanza pale inapoulizwa ni usawa wa nini. Aristotle, katika kitabu cha tano cha Maadili ya Nikomako, anafundisha kwamba haki ya kugawa huwapa walio sawa mafungu yaliyo sawa, na wasio sawa mafungu yanayolingana na tofauti zao; ugomvi huzuka walio sawa wanapopewa tofauti, au wasio sawa wanapopewa sawasawa. Watafiti wawili waliopata uzamivu mwezi mmoja wako sawa kwa kalenda. Mmoja aliingia moja kwa moja katika maabara yenye vifaa, mishahara na mlezi mwenye mtandao. Mwingine alirudi kwenye madarasa ya wanafunzi mia mbili, mitihani ya kusahihisha hadi usiku, na chumba cha vifaa kinachosubiri bajeti ya mwaka ujao. Kuwaita sawa kwa sababu tarehe zao zinafanana ni kuchagua kipimo kilicho karibu na mkono na kukiacha kinachohusika.

Kipimo kilicho karibu zaidi na mkono ni umri wa kuzaliwa. CARTA, ushirika wa kuwafunza watafiti wa Afrika ulioanzishwa 2008 na kuongozwa kutoka Nairobi na Johannesburg, umekuwa ukiwataka wanaume wanaoomba nafasi zake za uzamivu wawe chini ya miaka 40 na wanawake chini ya 45. Ile miaka mitano ya ziada inakiri waziwazi kwamba maisha ya mwanamke msomi hukatizwa zaidi. Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 27, inataja umri na ujauzito miongoni mwa mambo ambayo mtu hapaswi kubaguliwa kwayo, na kifungu hichohicho kinaruhusu hatua za kuwainua waliobaguliwa zamani. Kwa hiyo mpaka wa umri haufi papo hapo mbele ya sheria, ila unadaiwa sababu. Na sababu yake ni dhaifu: umri unasema mtu ameishi muda gani duniani, hausemi ameingia lini katika kazi.

Wakipsigis, wenyeji wa vilima hivi, walikuwa wamelifikiria jambo hili kwa njia yao kabla chuo kikuu chochote hakijajengwa. Mfumo wao wa marika, ibinda, ambao mwanaanthropolojia Peristiany aliueleza katika kitabu chake cha 1939 kuhusu taasisi za Wakipsigis, ulimhesabu mwanamume kuanzia jando. Majina ya marika, kama Maina, Chumo, Korongoro, Kaplelach, Kimnyige na Nyongi, huzunguka na kurudi baada ya vizazi. Vijana waliotofautiana umri kwa miaka kadhaa, wakipita jandoni pamoja, walikuwa rika moja, wakipeana heshima na kudaiana wajibu kama watu walio sawa. Kilichopimwa ni mlango alioingilia mtu na wale alioingia nao. Mfumo huo ulihusu wanaume zaidi, na upungufu huo usifichwe. Lakini wazo lililomo ndilo lililofikiwa baadaye na wafadhili wa Ulaya walipoacha umri wa kuzaliwa na kushika miaka tangu uzamivu. Tofauti ni kwamba jando lilikuwa la kundi. Uzamivu kila mtu huupata peke yake, siku yake, na saa yake huanza kulia bila mwenzake kusikia.

Faida ya kuhesabu hivyo huonekana kwa mtu kama Taaitta Toweett. Alizaliwa Kericho 1925, akawa mwanasiasa wa taifa na waziri wa elimu, na mwaka 1976 akaongoza Mkutano Mkuu wa UNESCO uliofanyika Nairobi. Katika miaka hiyohiyo ya 1970, akiwa na umri wa takriban miaka 50, alipata uzamivu wa isimu katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na 1979 kikatoka kitabu chake kuhusu isimu ya Kikalenjin. Kwa sharti la umri, mtu huyo hangesogea hata hatua moja. Kwa sharti la miaka tangu uzamivu alikuwa mtafiti mchanga kama kijana wa miaka 28, tena mwenye sikio la lugha ambalo kijana hana.

Wapo wengi waliochelewa bila cheo kama chake. Mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu nchini Kenya ilitoa vigezo vilivyotaka mhadhiri awe na uzamivu, ikawapa waliokuwa kazini miaka mitano wautafute. Vyuo vichanga vya Bonde la Ufa vilijaa watu wa miaka arobaini na zaidi wanaofundisha asubuhi na kuandika tasnifu usiku. Walipoupata uzamivu, waliupata wakiwa tayari na mikopo, watoto wa sekondari na ratiba kamili ya masomo. Sharti la miaka saba au nane tangu uzamivu haliwakatai mlangoni, ila linaanza kuwahesabia siku ambazo hawana uwezo wa kuzitumia.

Mazao yenyewe ya Kericho yanaonyesha jinsi kalenda moja isivyoweza kuwafaa wote. Chai ni mti wa kudumu. Kipando hukaa kitaluni miezi mingi, kisha shambani miaka kadhaa kabla ya kuchumwa ipasavyo, na aina mpya lazima ijaribiwe katika udongo na miinuko tofauti, misimu baada ya misimu, ndipo mkulima aambiwe aipande. Chai ya zambarau iliyotolewa na wakfu wa Kericho mwaka 2011, aina ya TRFK 306, ilitokana na kazi ya takriban miaka 25. Mtafiti aliyeshika kazi hiyo katikati na kuiacha kabla ya kutolewa amefanya sehemu ya lazima, lakini katika miaka minane ya mwanzo wake anaweza kuwa na makala chache mno za kuonyesha. Mtaalamu wa hisabati huweza kumaliza jambo zima kwa muda huohuo. Wote wawili wanapewa miaka minane.

Hata ukweli wenyewe hukawia. Mwaka 2002 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliosema kwamba hali ya hewa ya nyanda za juu za Afrika Mashariki, Kericho ikiwa mojawapo ya sehemu zilizochunguzwa, haikubadilika kiasi cha kueleza kurudi kwa malaria. Waliopinga walichambua upya. Mwaka 2011 kundi lililoongozwa na Judith Omumbo lilitumia vipimo vya miaka 30 vya kituo cha hali ya hewa cha Kericho, likaonyesha kwamba joto la eneo la mashamba ya chai lilikuwa likipanda kwa takriban nyuzi 0.2 za Selsiasi kila muongo. Kilicholeta jibu ni miaka ya watu kusoma kipimajoto kila siku na kuandika. Masharti ya kustahiki hayana safu ya kuweka subira ya namna hiyo, na huu ni upungufu wa maarifa kwanza, kisha wa huruma.

Dini zilizoenea katika eneo hili zina mengi ya kusema juu ya waliochelewa. Katika sura ya 20 ya Injili ya Mathayo, mwenye shamba la mizabibu huwaajiri vibarua alfajiri, kisha saa tatu, saa sita, saa tisa, na hatimaye saa ya kumi na moja. Jioni wote wanalipwa dinari moja, na wa alfajiri wananung'unika. Msikilizaji wa Kericho hahitaji kuelezwa kibarua ni nini. Katika mashamba ya chai mchumaji hushusha majani mbele ya karani, mizani husoma kilo, na kilo ndizo mshahara. Aliyekuja saa kumi na moja angeondoka na kiganja. Ndiyo maana mfano huu unauma zaidi hapa kuliko penye mishahara ya mwezi.

Mahubiri mengi hukaa juu ya ukarimu wa tajiri. Augustino aliona saa zile kama umri ambao kila mtu huitikia wito wa Mungu, kuanzia utoto hadi uzee. Kwa swali la ufadhili, mstari mzito zaidi ni mwingine. Tajiri anawauliza wale wa mwisho kwa nini wamesimama bure mchana kutwa, nao wanajibu kwamba hakuna aliyewaajiri. Hawakulala wala hawakukataa kazi. Walikuwa sokoni, jua likiwaka, wakingoja mtu awaite. Tajiri hakudai ushahidi wala hakubishana nao. Aliwatuma shambani. Kuchelewa kwao kulikuwa na sababu iliyo nje yao, na mfano mzima unasimama juu ya sababu hiyo.

Hata hivyo mfano huo hauwezi kuhamishwa mzimamzima kwenye kamati ya ufadhili. Tajiri ana dinari za kuwatosha wote, kamati ina nafasi kumi kwa maombi mamia. Tajiri anatumia mali yake na anasema hivyo. Kamati inashika amana ya walipa kodi au ya wakfu. Sura ya nne ya Kurani, An-Nisaa, katika aya ya 58, inaamuru amana zirudishwe kwa wanaostahiki na hukumu itolewe kwa uadilifu, na mambo hayo mawili yamewekwa pamoja kwa sababu. Mwenye mali anaweza kuwa mkarimu apendavyo. Mwenye amana akiwa mkarimu kwa mmoja, amemnyima mwingine. Kwa hiyo kinachotafutwa ni sheria inayojali sababu ya kuchelewa huku ikibaki sheria.

Sheria kama hiyo ipo, na ni ya kale. Katika sura ya tisa ya kitabu cha Hesabu, watu waliokuwa najisi kwa kugusa maiti walimwendea Musa wakilalamika kwamba wanazuiwa kuleta sadaka ya Pasaka kwa wakati wake pamoja na wenzao. Musa hakujibu kwa kichwa chake, alingoja kuuliza. Jibu lilikuwa kwamba aliyezuiwa na maiti, au aliye katika safari ya mbali, ataadhimisha Pasaka siku ya kumi na nne ya mwezi wa pili, mwezi mmoja baadaye. Aliye safi na asiye safarini, akiiacha kwa uzembe, hana nafuu. Mambo matatu yanaonekana hapo: udhuru ulitajwa kwa jina, ulitengwa na uzembe, na tarehe ya pili ikawekwa bayana kama ile ya kwanza. Anayezika wafu wa jamaa yake na anayesafiri mbali ni watu ambao kila ukoo wa Kericho unawajua.

Uislamu unafanya vivyo hivyo kwa saumu. Aya za 184 na 185 za sura ya Al-Baqara zinamruhusu mgonjwa na msafiri kula mchana wa Ramadhani, kisha alipe idadi ileile katika siku nyingine. Wajibu haukufutwa, umehamishwa. Mtu halaumiwi kwa siku zilizompita, wala hapewi Ramadhani fupi kuliko ya wenzake. Hili ndilo wazo lililo nyuma ya kurefusha muda wa kustahiki: mwenye udhuru haongezewi kitu juu ya wengine, anarudishiwa kile ambacho wengine walikwisha kukipata.

Baadhi ya wafadhili wakubwa wamefika karibu na wazo hilo. Baraza la Utafiti la Ulaya, kwa ruzuku yake ya wanaoanza, kwa muda mrefu lilitaka miaka miwili hadi saba tangu uzamivu, na kumwongezea mama miezi 18 kwa kila mtoto. Uzuri wa kanuni hiyo ni kwamba haimwulizi mama alikaa nyumbani muda gani. Cheti cha kuzaliwa kinatosha. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inampa mama likizo ya miezi mitatu. Mfadhili anayerudisha miezi mitatu tu kwa kuwa ndiyo iliyoandikwa katika barua ya mwajiri amekubali kwamba mtoto huacha kumhitaji mama yake siku ya tisini na moja. Aliyeweka miezi 18 amekataa kujifanya hajui.

Nyuma ya hapo kuna nyudhuru zisizo na karatasi. Fomu ya maombi huwa na kisanduku cha kutaja mapumziko ya kikazi: tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, ambatisha ushahidi. Mtafiti wa Litein ambaye mama yake alipooza ana la kusema lakini hana cha kuambatisha. Hakuna ofisi inayotoa hati kwa miaka miwili ya kumwogesha mzazi, wala kwa miezi ya kuendesha matanga na kugawa shamba la marehemu. Mwenzake wa Ulaya huenda ana barua ya likizo ya ulezi yenye muhuri. Wote wamebeba mzigo mmoja. Aliyetoka katika nchi inayoandika mambo ndiye anayeaminika. Kudai karatasi hata pasipo na desturi ya karatasi ni ubaguzi hata kama hakuna aliyeukusudia, na tiba yake ni kukubali tamko la mwombaji mwenyewe, kwa kiapo ikibidi, pamoja na adhabu kali kwa anayesema uongo.

Kuna pia tofauti ambayo imeandikwa waziwazi. Kanuni za ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie chini ya Horizon Europe, mpango wa utafiti wa Umoja wa Ulaya, zilizotangazwa 2021, ziliweka kikomo cha miaka minane ya utafiti tangu uzamivu, bila kuhesabu miaka iliyotumika nje ya utafiti wala mapumziko. Zikaongeza kwamba raia au mkazi wa kudumu wa Ulaya anayetaka kurejea huko hahesabiwi miaka aliyofanya utafiti katika nchi za mbali. Maana yake ni hii: Mholanzi na Mkenya wakifanya kazi meza moja Timbilil kwa miaka minne, mmoja akiondoka kwenda kuomba anaondoka na miaka sifuri, mwingine na minne. Sababu ya kisera inaeleweka, nayo ni kuwavuta wasomi warudi kwao. Lakini kwa hoja ya kustahiki, muda uleule mahali palepale hauwezi kuwa mwanzo kwa mmoja na ukomavu kwa mwenzake.

Masharti ya mahali huleta mambo kama hayo. Kanuni hizohizo zinamtaka mwombaji asiwe ameishi au kufanya kazi katika nchi mwenyeji kwa zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 kabla ya tarehe ya mwisho. Mtafiti wa Bomet hulitimiza kwa kukaa kwao tu. Kwingine kukaa kwao ndiko kunakomnyima. Mpango wa taaluma za insia barani Afrika ulioanzishwa 2008 na baraza la vyama vya wasomi la Marekani, ACLS, ulihusu waliokuwa wakiishi na kufanya kazi Ghana, Nigeria, Afrika Kusini, Tanzania na Uganda. Kenya haikuwamo. Mwanahistoria wa Kabianga hakustahiki. Mwenzake wa Makerere anayechunguza historia ya watu walewale wa nyanda za juu alistahiki. Mfadhili ana haki ya kuchagua pa kuanzia, kwa kuwa hakuna awezaye kufanya kila mahali kwa mara moja. Aliyeachwa naye ana haki ya kuelezwa kwamba ameachwa kwa mpaka wa ramani, bila upungufu wowote wa kazi yake.

Pingamizi kubwa dhidi ya kulegeza hesabu ni la watu wanaoijua Kenya vizuri. Namba haina ukoo. Haijui mwombaji ni mtoto wa nani, wala haipigiwi simu usiku. Kamati ikipewa ruhusa ya kusikiliza sababu, wenye kujuana watakuwa na sababu nzuri kuliko wote, na mtoto wa mchuma chai asiye na mtu ofisini ataumia mara ya pili. Pingamizi hili linapaswa kushinda popote linapokutana na huruma isiyo na mipaka. Aristotle mwenyewe alipozungumzia uungwana wa kusahihisha sheria, alisema unahitajika kwa kuwa sheria husema kwa ujumla na mambo hutokea moja moja. Hakusema hakimu afanye atakalo. Mfano wa kitabu cha Hesabu unaonyesha njia: udhuru unatangazwa mapema, unawahusu wote walio katika hali ile, na una kipimo chake. Miezi 18 kwa kila mtoto ni namba, na namba hiyo nayo haipigiwi simu.

Vivyo hivyo tarehe ya uzamivu yenyewe inahitaji kutajwa bayana. Mhitimu wa Kenya anaweza kuwa na tarehe nne: ya kutetea tasnifu, ya kuwasilisha nakala iliyosahihishwa, ya Seneti kuidhinisha, na ya mahafali alipovaa joho. Kwa kuwa vyuo vingi hufanya mahafali mara moja au mbili kwa mwaka, kati ya ya kwanza na ya mwisho miezi mingi huweza kupita. Mpango wa Marie Skłodowska-Curie humpokea aliyekwisha kutetea hata kabla ya mahafali, jambo linalomsaidia anayeanza. Wafadhili wasiotaja ni tarehe ipi wanawaacha waombaji wakisie, na anayekisia vibaya hukataliwa kabla kazi yake haijasomwa.

Wapo ambao mpaka huwaacha nje kwa haki. Aliyetumia miaka tisa katika utafiti akiwa na maabara, mlezi na fedha amekwisha kupata kile ambacho ufadhili wa mwanzo ulikusudia kutoa. Kumwambia akashindane katika ngazi ya juu hakumdhulumu. Anayedhulumiwa ni yule ambaye miaka tisa imepita na utafiti wenyewe haujaanza. Kwa huyo, kipimo bora kimo tayari katika kanuni za Ulaya, kikisomwa kikamilifu: miaka ya utafiti iliyogeuzwa kuwa muda kamili. Mhadhiri ambaye kazi yake ya utafiti ni robo tu ya ajira hutumia robo mwaka kwa kila mwaka wa kalenda, na baada ya miaka minane amemaliza miwili.

Ili hesabu hiyo ifanyike lazima robo hiyo iandikwe mahali. Barua nyingi za ajira za vyuo vya Kenya hutaja kufundisha, kutafiti na kuhudumia jamii bila kusema sehemu ya kila moja. Chuo kinachoitaja, na kinachotoa barua ya Seneti yenye tarehe mara tu Seneti inapoidhinisha, kinawapa watu wake haki ambayo mfadhili wa mbali hawezi kuwapa. Na Hazina ya Taifa ya Utafiti, iliyoundwa kwa sheria ya 2013 ya sayansi, teknolojia na ubunifu, inaweza kuweka kwa ufadhili wa Kenya orodha fupi ya nyudhuru zenye vipimo: kuzaa, kuugua, kumuuguza mzazi au mwenzi, na miaka ya kufundisha bila muda wa kutafiti uliotengwa.